Gari la Boksi la Friji, na Mjukuu Wako Aliyehamia Kwako

Kwako Mama Mkwe mheshimiwa,
Mzaa chema wangu,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena kwa niaba ya binti yako, ambaye amesema hahusiki kabisa na barua hii na jina lake lisitajwe popote. Nimetii.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MJUKUU WAKO, MKAZI WA KWANGU, AMBAYE KWA SASA ANAISHI KWAKO BILA RIDHAA YANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Kwa kuwa changu mimi siku hizi hakijielezi, naomba nifafanue.

Kama ujuavyo, Mama, mkweo ni mkaguzi wa magari. Kazi yangu ni kulisimamisha gari, kulizunguka, kulipiga tairi teke la upole, kuingia chini yake na tochi, kisha kutoka huko nikiwa na sura mbaya na kumwambia mwenyewe kwamba safari imeishia hapo. Madereva wenye vitambi na sauti nzito wananiita mheshimiwa. Wengine wakiniona kwa mbali wanakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani. Sasa mtu kama huyo, Mama, ameonewa ndani ya nyumba yake na mtu ambaye hata meno ya mbele hana.

Naomba uyasome malalamiko yangu kwa utulivu. Nimeyapa namba ili usipotee, na ili mimi mwenyewe nisipotee.

1. KUHUSU BOKSI

Mama mdogo wa mlalamikiwa, yaani kitinda mimba wako, alinunua friji. Friji akaliweka jikoni kwake, boksi akamletea mtoto. Mlalamikiwa anadai kwamba boksi lile ni mali yake. Sibishi. Alipewa yeye, mbele ya mashahidi, na alilikumbatia mpaka mikono ikashindwa kukutana. Lakini boksi ni boksi tu, Mama. Kinachoweza kulifanya gari ni fundi.

Ni kweli kwamba kabla sijafika alikuwa ameshaingia ndani na kuanza safari. Alikuwa ananguruma kwa mdomo, anapinda kona, anawapigia watu honi, ameridhika kabisa. Alichoniomba ni nimkatie dirisha. Dirisha moja. Hapo ndipo nilipoingilia. Nilimtoa ndani ya boksi, nikamweka kwenye kiti, nikamwambia atulie atazame, baba anamtengenezea gari la kweli. Nikaenda kutafuta futi kamba.

Alitazama. Alitazama mpaka akachoka kutazama, akaenda zake kucheza na kopo la sabuni. Mimi niliendelea. Niliomba likizo kazini, na kwenye sehemu ya sababu nikaandika "ujenzi". Mkuu wangu alinipa pole, akaniuliza nimefikia wapi, nikamwambia kwenye madirisha. Akanishauri nisiharakishe bati. Nilimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu paa lilikuwa linanisumbua kweli.

Sebule yote iligeuka gereji. Makochi yalisukumwa ukutani, meza ikasimamishwa kwa upande. Yule ambaye jina lake nimekatazwa kulitaja alipotaka kufagia nilimwomba afagie kwa kuzunguka, maana gundi ilikuwa haijakauka. Akasema hakuna shida, amezoea kunizunguka.

2. KUHUSU AINA YA GARI

Naomba ieleweke kwamba mlalamikiwa aliulizwa. Sikuwa dikteta. Nilimpa nafasi ya kuchagua kati ya gari dogo jeusi kama la mkurugenzi, na gari dogo jeusi kama la mkurugenzi lenye kibendera mbele. Akasema anataka gari la taka.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikarudia swali. Naye akarudia jibu, safari hii polepole na kwa sauti ya juu, kama mtu anayeongea na mzee mwenye pamba masikioni. Gari la taka. La kijani. Lenye mdomo nyuma na mahali pa kuning'inia.

Hapa inabidi nikueleze habari za Kamanda, maana bila huyo hutaelewa nilivyoumia. Kamanda ni mama mmoja anayefanya kazi kwenye gari la taka linalopita mtaani kwetu. Hilo jina amepewa na watoto. Husimama nyuma kwenye kibao, mkono mmoja ameshika chuma, mwingine ameshika filimbi. Taka zikishapakiwa, hupiga ubavu wa gari kwa kiganja, pa pa, na gari linaondoka. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, Mama, sijawahi kulipiga gari likaondoka. Mimi nikilipiga linasimama.

Mjukuu wako akisikia ile filimbi huacha chai. Huacha katuni. Huacha hata kulia, kama alikuwa analia, na kilio hicho hakikumbuki tena. Anakimbilia dirishani, Kamanda anampungia mkono, basi, siku yake imekwisha kunyooka. Na mimi je? Mimi natoka kila asubuhi na sare iliyopigwa pasi, kalamu zimejipanga mfukoni, viatu ukitaka unaweza kujitazama humo. Napita chini ya dirisha hilohilo. Nageuza shingo juu, hakuna mtu. Siku moja nilipiga filimbi kwa mdomo, nikitaka tu kujua. Akachungulia mbio, akaona kumbe ni mimi, akarudi ndani.

Nasema wazi, Mama, niliona wivu. Mwanamume mzima na cheo changu, namwonea wivu mama wa watu anayehangaika na maganda yetu. Lakini sikuuita wivu. Niliuita malezi. Nikajiambia mchelea mwana kulia hulia yeye, nikachukua rangi nyeusi, nikaanza gari la mkurugenzi.

3. KUHUSU DEREVA

Katika ukaguzi, kiti cha dereva hakipimwi kwa macho. Unakaa, unashika usukani, unanyoosha mguu kwenye breki. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya. Kila nilipotaka kupima kiti nilikaa, na kila nilipokaa nilirekebisha pale paliponibana. Sikutambua kinachoendelea mpaka gari lilipokamilika na kunikaa kama suruali ya kupimisha kwa fundi.

Mlalamikiwa alipoingia, usukani ulikuwa juu ya kichwa chake na dirisha lilikuwa juu ya usukani. Alichoweza kuona ni kadibodi tupu na ule mshale wa kuonyesha upande wa juu wa friji.

Mtu mwingine angekata upya. Mimi nilitafuta sheria. Nilimweleza kwamba mtu wa umri wake hana leseni wala hawezi kuipata, kwa hiyo baba ataendesha na yeye atakuwa abiria, siti ya nyuma, mkanda umefungwa. Mkanda wenyewe ulikuwa wa suruali yangu, kwa hiyo niliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kiunoni.

Na alikubali, Mama. Naomba hilo likumbukwe, alikubali. Alikaa nyuma, akafungwa mkanda, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kwanza tupashe injini moto. Akasubiri. Nikarekebisha vioo vya pembeni, ambavyo ni vioo vya kweli: kimoja kile kidogo cha kwenye mkoba wa binti yako, kingine nilikichomoa bafuni, na ndiyo maana ulipokuja kututembelea ulinikuta nimenyoa ndevu upande mmoja. Ulinitazama sana siku hiyo. Nilidhani unalipenda gari.

Basi tukaondoka. Nikasimama kwenye kivuko ili binti yako avuke na ndoo ya maji. Nikasimama kwenye taa nyekundu. Mlalamikiwa akasema mbona yeye haioni hiyo taa, nikamjibu ndiyo maana si dereva. Akasema twende basi. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na akalishika tumbo lake kwa mikono miwili nimwone anavyoumia. Maneno hayo hayakutoka kwangu, Mama. Mwenye macho haambiwi tazama.

Tulikuwa hatujamaliza zulia alipopitiwa na usingizi. Nikataka nishuke nimbebe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekwama. Magoti yameingia chini ya dashibodi na hayataki kurudi. Binti yako alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akacheka akiwa hapohapo sakafuni, kisha akamwita jirani yetu seremala. Seremala akaja na msumeno. Akalizunguka gari kama ninavyoyazunguka mimi ya watu, akauliza aokoe kipi, mimi au gari.

Nilichukua muda kujibu. Binti yako anasema muda huo hatausahau.

4. KUHUSU UKAGUZI

Sasa tunafika kwenye siku uliyokuja. Nilishuka kukupokea, kwa sababu magoti yako, kwa maelezo yako mwenyewe, hayapatani na ngazi zetu. (Magoti hayo nitayarudia.) Binti yako alikuwa jikoni. Katika nafasi hiyo fupi mlalamikiwa alibaki peke yake na gari, na alilifanyia mabadiliko yafuatayo bila kibali cha mtu yeyote. Ubavu mzima aliupaka kijani. Taa za mbele alizichora upya, moja ikawa inacheka. Nyuma alikata mdomo kwa ule mkasi wa shule usio na ncha, kazi ambayo mimi na kisu changu ingenitoa jasho, akatia humo maganda, magazeti na soksi yangu moja safi. Kisha akachukua mwiko wa mama yake, akaubandika nyuma kwa selotepu yote iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba, akapanda juu ya kopo, akaushika, akaning'inia. Na akapiga ubavu. Pa pa.

Ubavu uliitikia kwa kupasuka kutoka paa mpaka chini.

Sisi tulipofungua mlango alikuwa bado ananing'inia, gari limelalia upande, anapiga filimbi kupitia pengo la meno. Mama, nimemzaa mtoto huyu, nimemlea, nimembeba akiwa na homa na akiwa mzima. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Naiandika kwa sababu ni kweli, wala hainisaidii.

Nikafanya nilichofundishwa. Kuning'inia nyuma ya chombo kinachotembea ni kosa, na mimi hilo kosa nimelikamatia watu wazima wenye familia zao. Nikamshusha. Nikalizunguka gari. Nikalipiga tairi teke la upole. Tairi ni kifuniko cha sufuria, likachomoka likaviringika mpaka jikoni. Nikabandua mwiko. Nikachukua kalamu nyekundu na karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa LIMEKATALIWA, nikabandika kwenye kioo cha mbele. Na chini yake, mazoea yana taabu, nikatia saini.

Mjukuu wako bado hajaweza maneno marefu. Akakugeukia wewe akuulize pameandikwa nini. Ungeweza kumwambia lolote, Mama. Ungemwambia pameandikwa "Safari Njema", nani angekupinga? Mimi nilikuwa tayari kuapa. Lakini wewe ulivaa miwani. Ukasoma kwa sauti, kipande kwa kipande, li-me-ka-ta-li-wa, na muda wote huo hukuitazama karatasi, ulikuwa unanitazama mimi.

5. KUHUSU KUHAMA

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, nina uzoefu. Alikwenda chumbani, akarudi na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na mswaki, kiatu kimoja, na kalenda ya ukutani, sijui ya kazi gani. Akasimama mlangoni akaniambia kwamba nibaki na gari langu, tuzoeane.

Maneno hayo nayasikia hata nikiwa chini ya lori la watu na tochi mdomoni.

Kisha akamshika mkono mke mwenzake, yaani wewe, mkashuka ngazi. Magoti yako siku hiyo yalishuka vizuri sana.

6. KUHUSU MWENENDO WA MAMA MKWE

Hapa naomba radhi mapema, kwa kuwa heshima yangu kwako haina mfano na ningependa ibaki hivyo. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na wewe, Mama, samaki huyu unamnyoosha kabisa.

Nina taarifa za uhakika, kutoka kwa mtu ambaye jina lake silitaji, kwamba uwanjani kwako kuna gari la taka. Ni beseni lako la kufulia, limetobolewa ukingoni na kufungwa kamba. Inasemekana mlalamikiwa anasimama ndani yake upande wa nyuma, ameshika kipande cha kamba, anapuliza filimbi. Mnapita mnazoa majani. Likijaa, anakupiga wewe mgongoni, pa pa, na wewe unaondoka. Magoti, Mama! Magoti yaliyozikataa ngazi zangu yanavuta beseni, mtoto na majani, uwanja mzima, kwenda na kurudi, na inasemekana unaimba.

Inasemekana pia kwamba Babu amegeuzwa jaa. Amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, majani yanamwagwa miguuni pake mpaka magotini, na badala ya kukataa kama mtu mzima anasema leteni tena. Mzee niliyemwogopa kuliko mtihani wa kazi!

Chombo chenyewe hakina taa. Hakina breki. Hakina mkanda. Dereva, kwa heshima zote, hajapimwa macho tangu sisi tuoane. Abiria ananing'inia. Na nimeambiwa kwamba kilishapinduka karibu na banda la kuku, abiria akaangukia majani, akacheka, akaomba kipinduke tena, na kikapinduliwa tena kwa makusudi. Hakuna ripoti iliyoandikwa na mtu yeyote.

Ninachojiuliza ni hiki. Mimi nilikata kadibodi mpaka vidole vikaota sugu. Nilinyoosha kona. Nilitia wipa zinazofanya kazi ukizisukuma kwa mkono. Wewe umetoboa beseni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, sawa, lakini mbona mtoto yuko kwako?

7. KUHUSU UKIMYA

Hili nililiweka mwisho kwa sababu ni dogo, na kwa sababu ndilo linaloniua.

Tangu aondoke natazama taarifa ya habari mpaka mwisho. Hakuna anayeuliza kwa nini yule msomaji hapepesi macho, wala anayesimama mbele ya kioo cha televisheni kumsaidia kusoma. Chai yangu inabaki kikombeni mpaka niimalize mwenyewe. Bafu liko wazi wakati wowote. Nikirudi kazini navua viatu na hakuna mtu anayeviingia na kwenda navyo kazini. Ni mambo ambayo nimeyaomba kwa Mungu kwa muda mrefu, Mama, na sasa yote amenipa kwa mkupuo, na sijui niyaweke wapi.

Binti yako ananiongelesha kupitia kwa seremala. Chakula ananipitishia kwenye dirisha la gari, akisema anayetaka gari na alie humo. Nami nakula humo. Si kwamba nimekwama tena. Seremala aliponikwamua aliacha nafasi ya magoti. Nakaa tu. Nimeshaliinua na kuuunga ubavu kwa gundi. Ni gari zuri, haki ya Mungu. Limetulia. Ukilitazama kwa mbele huwezi kujua kwamba lilikuwa boksi. Nikimaliza kula nageuka kuangalia siti ya nyuma kama abiria amefunga mkanda, halafu nakumbuka. Naumia, Mama. Sina neno la kikazi la kulieleza hilo.

MAOMBI

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo yatekelezwe mara moja:

(a) Mlalamikiwa arudishwe, pamoja na kalenda. Kiatu cha pili kiko huku, kwa hiyo inaonekana wazi kwamba anatembea peku, jambo litakalojadiliwa.

(b) Aniombe radhi kwa maandishi. Asipoweza kuandika, achore. Mchoro usiwe na gari la taka.

(c) Beseni lishikiliwe lisitembee mpaka nitakapokuja kulikagua. Kabla ya hapo litumike kufulia tu, na kwa mwendo wa wastani.

(d) Dereva wa beseni aende kupimwa macho na magoti. Majibu ya magoti nipewe nakala.

(e) Babu aache mara moja kufanya kazi ya jaa bila kibali.

(f) Kamanda apunguze kupunga mkono. Hili najua haliko chini yako. Nimeshaanza kuandika barua nyingine kwa wakubwa wake, nikiomba gari la taka libadilishiwe njia lipite mtaa wa nyuma, na ikishindikana, sisi wenyewe tuhame.

Endapo maombi haya hayatasikilizwa sitakuwa na budi ila kuyapeleka ngazi ya juu zaidi, yaani kwa Babu, punde atakapofukuliwa kwenye majani.

Nisalimie Babu kwa heshima zote. Nisalimie mama mdogo wake na friji lake; mwambie baridi yake imefika mpaka kwangu. Nisalimie majirani zako wote waliopanga mstari kutazama beseni likipita wakapiga makofi, na waambie nawafahamu. Nisalimie kuku. Seremala anakusalimu, na anauliza kama msumeno utahitajika huko. Binti yako naye anakusalimu sana, ingawa, kama nilivyosema, hahusiki.

Ni mimi mkweo, mtiifu kwako na mwenye kinyongo kwa mpangilio huohuo,

Mkaguzi wa Magari,
Baba wa Mlalamikiwa,
Dereva na Mmiliki wa Gari Lililotajwa.

Tanbihi:

Mama, nilikuwa natafuta bahasha simu ikalia. Nikaona ni namba yako. Nikakaa sawa, nikafunga vifungo vya shati, nikasema shikamoo Mama. Nikaitikiwa marahaba na sauti yenye pengo.

Hakuwa na muda wa kunijulia hali. Alisema gari lao la taka limesimama. Nikamuuliza kimeharibika nini. Akasema hakijaharibika kitu, hiyo ndiyo shida. Wewe, Mama, unapitisha kila kitu, Babu anapokea kila kitu, wanazunguka na kuzunguka na hakuna mtu wa kuwasimamisha, na mchezo umeanza kuwa hauna maana. Anahitaji mtu wa kusimama katikati ya njia na kunyoosha mkono, alizunguke beseni, akunje uso. Alimjaribu Babu, Babu akacheka. Alimjaribu jogoo, jogoo akakimbia. Akasema kwa uso mbaya hajaona kama mimi. Alilisema kwa kunisifu, Mama, nilisikia kabisa.

Akasema lakini anajua nina kazi nyingi. Nikamwambia sina kazi yoyote. Akanipa sharti: nikishawasimamisha na kuwagombeza vya kutosha, niwaachie, kisha nipande nyuma nining'inie naye, kuna nafasi nikivuta tumbo ndani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ilibidi nigeuke ukutani, ili yule ambaye jina lake silitaji asinione, na yeye akaniletea kitambaa kupitia dirisha la gari.

Habari za gari langu hakuuliza. Mimi pia sikuzitaja.

Barua hii siitumi tena, naja nayo mkononi. Nitakupa kwa sababu nimeihangaikia, ila tafadhali usiisome. Anzia hapa kwenye tanbihi na uishie hapahapa. Namba moja mpaka saba, pamoja na herufi zote, zichukulie ni majani.

Mwambie tu nimetoka. Amenionya nisichelewe, maana gari la taka halimsubiri mtu, hata awe baba yake. Navaa viatu.